Ngozi Yangu Iliyozikwa Msambweni

Riziki alinipigia simu siku ya Jumatatu, nikiwa nachagua mchele uani kwangu Ukunda, akaniambia mamake ni mgonjwa na ananitaja. "Anakutaja wewe tu, da Mishi. Kila akizindukana anauliza kama umefika." Nikamwuliza anaumwa nini, akasema uzee. Nikamaliza kuchagua mchele wangu. Mamake Riziki ni Bi Tumu wa Msambweni, somo yangu, yaani mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo, akanikanda, akaniogesha, akanifunza yale yote ambayo msichana wa pwani hafunzwi na mama mzazi kwa sababu ya haya. Zilikuwa zimepita karibu miaka sitini tangu tuongee. Kuonana tulionana, misibani na harusini, nikampa mkono kama ninavyowapa wengine, kisha nikaenda kukaa upande mwingine wa jamvi. Watu walidhani tuligombana zamani kwa mambo ya wanawake, na sisi wenyewe hatukuwasahihisha. Mimi nilinyamaza kwa hasira, yeye kwa sababu kunyamaza ndiko kulikomfaa.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa bendera ya uhuru. Wazungu wa Diani walikuwa wakifungasha masanduku, wengine wakiuza hata vitanda, na sisi tuliowafulia nguo tulikuwa tukiulizana nani atabaki na nani ataondoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeposwa, na nilikuwa nimetoka kupungua nusu ya mwili wangu. Niseme wazi, nilikuwa mnene, na si unene wa kutaniwa tu. Mizani ya zahanati haikunitosha, ikabidi nikapimwe kwa mnunuzi wa mbata, kwenye mizani ya kupimia magunia, nikatoka ratili mia mbili na sitini na wachukuzi wakapiga makofi. Kwetu wakati ule hiyo haikuwa aibu. Nilipigiwa mfano harusini, mama wakiwaambia binti zao wale washibe wafanane nami. Ila moyo ulikuwa umeanza kunikataa. Nikitoka kisimani na ndoo moja nilikaa chini mara tatu kabla ya kufika, na daktari wa zahanati akaniambia nikiendelea hivyo miaka thelathini sitaiona. Basi nikaacha wali wa nazi, nikaacha mahamri, nikaacha hata ukoko, na wanaonijua wanajua maana ya mimi kuacha ukoko. Kwa mwaka na nusu nilikula mchicha wa kuchemsha na samaki wa kupaka asiyepakwa kitu. Moyo ukatulia, na majirani wakaja kunipa pole, wakidhani nina maradhi.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni kwamba mwili ukiondoka, ngozi haiondoki nao. Ilibaki yote. Ilining'inia tumboni mpaka mapajani kwa mikunjo miwili, imejaa michirizi, na nilipokaa niliikusanya kwa mikono kama kanga iliyolegea. Chini ya mkunjo jasho halikukauka, pakachubuka, pakatoa maji, pakaanza kunuka. Nilitia poda ya watoto, nikatia vitambaa vya pamba nikivibadilisha mara nne kwa siku, na nilijifunza kusimama upande wa upepo watu wanapokaribia. Siku watu wa Hamisi walipoleta posa, mimi nilikuwa chumbani nasikia vigelegele huku nalia. Hamisi alikuwa fundi seremala wa Gazi, mtu wa maneno machache mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na nilikuwa nimempenda tangu aje kutengeneza mlango wa jirani. Alinijua mnene, na sasa alikuwa akiniona ndani ya buibui, asijue kilichobaki humo. Aliyejua ni mmoja tu, somo yangu, kwa sababu ndiye aliyenikanda kwa mafuta ya nazi na kunifunga vile vitambaa.

Katika nyumba za wageni nilikofua, alikuwa akija kupumzika Mzungu mmoja mpasuaji wa hospitali ya Mombasa. Mkewe aliona damu kwenye kanga yangu, akanipeleka bafuni, akanifunua bila kuniuliza, akamwita mumewe. Nilitamani ardhi inimeze. Yule daktari akachuchumaa, akainua mkunjo kwa vidole viwili, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba ngozi ile haitarudi kamwe na vidonda havitapona, lakini yeye anaweza kuiondoa yote, kutoka nyonga hii hadi nyonga hii, kisha akashona. Alikuwa amewafanyia hivyo watu wa kwao. Ila nifanye haraka, alisema, maana kabla ya mwaka kwisha atakuwa amesafiri.

Nilimpelekea somo habari hizo jikoni kwake. "Ukatwe?" aliniuliza, mwiko ukiwa mkononi. "Mtu mzima mwenye akili zake akatwe kama kitambaa?" Nikamwambia sitaingia kwa Hamisi nikinuka. Alinitazama mpaka maharage yakaungua kidogo, kisha akasema, "Basi nitakwenda nawe. Sikuachi peke yako na Wazungu wako. Lakini asijue mtu, Mishi, si kwako si kwangu." Tukapatana tuseme nakwenda Mombasa kumwuguza jamaa. Nilifurahi jinsi alivyosema "si kwangu." Niliona amelichukua jambo langu kuwa lake.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe nusu ili watu wa nje wasitazame. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa miguu imekunjwa juu ya mito, mirija miwili inatoka ubavuni kuingia kwenye chupa, na tumbo linauma kana kwamba limefungwa kwa kamba ya meli. Kitovu changu kilikuwa kimehamishwa. Daktari alinieleza hilo kwa fahari, na mimi nikalia, maana sikuwa nimefikiria kwamba kitovu ni kitu cha kuhamishwa. Kwenye kiti alikuwapo somo, na miguuni pake beseni la enameli lililofunikwa. Muuguzi mmoja wa bara akaja kulichukua. "Hii tunachoma, mama," akasema. Somo akaweka mguu wake mbele ya beseni. "Hamchomi kitu hapa. Kiungo cha Mwislamu hakichomwi wala hakitupwi jaani. Kinazikwa." Wakabishana mpaka daktari akaitwa. Alicheka, akapima ile ngozi kwa ajili ya daftari lake, ratili sita, akamwambia somo achukue alichotaka. Somo alikuwa amekuja na kitambaa cha marekani, cheupe, kipya. Akaikunja ngozi yangu humo, akafunga kwa vifundo vitatu, akanibusu kipaji cha uso. "Naipeleka kwetu," aliniambia. "Haitalala ugenini." Alasiri hiyo hiyo alivuka feri ya Likoni na ule mzigo mapajani, akashika basi hadi Msambweni, akauzika ukingoni mwa makaburi, peke yake, kwa mikono yake, na kesho yake asubuhi alikuwa amerudi kando ya kitanda changu na bakuli la mchuzi wa kuku. Mpaka leo sijafanyiwa na mtu jambo la mapenzi kuliko hilo, na ndiyo maana lililofuata limekataa kunitoka.

Nilirudi Msambweni baada ya majuma matatu, na kwa kuwa kwetu hakukuwa na wa kuniuguza, nikafikia nyumbani kwa somo. Daktari alikuwa amesema nikae ndani siku arubaini, nisiinue kitu, tumbo lifungwe kwa bendeji usiku na mchana. Nililazwa chumba cha ndani, chenye kitanda cha kamba na kidirisha kimoja cha kutolea moshi wa udi. Nilitembea nimeinama, mkono tumboni, maana ngozi iliyobaki ilikuwa imevutwa na haikuniruhusu kunyooka. Kila asubuhi somo alinipikia uji wa pilipili manga, ule wanaopewa wanawake waliojifungua. Kwake yeye kidonda cha tumbo ni kidonda cha tumbo, na hiyo ndiyo dawa aliyoijua. Nilikunywa bakuli mbili, nikatokwa na jasho, nikamshukuru. Sasa hebu fikirini, ninyi mliokulia pwani. Msichana mnene amepungua ghafla. Ametoweka Mombasa majuma matatu na mwanamke mmoja mtu mzima. Amerudi ameinama, tumbo limefungwa kama lifungwavyo la mzazi, anakaa ndani siku arubaini, na kutoka jikoni harufu ya uji wa pilipili manga inafika njiani kila asubuhi. Hata mimi ningekuwa nje ningesema amezaa. Na yote hayo yangeweza kubaki minong'ono tu kama Bi Mwanasha, shangazi yake Hamisi, hangekuwa siku ile anaokota makuti karibu na makaburi, akamwona Bi Tumu anazika kitu kidogo kilichofungwa kwa nguo nyeupe.

Alikuja siku ya ishirini na sita. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nikihesabu. Niliwasikia wakiketi sebuleni, kizuizi kati yetu ni pazia tu, wakasalimiana kwa urefu kama desturi, habari za mvua, habari za wagonjwa. Kahawa ikamiminwa. Kisha Bi Mwanasha akasema, "Tumu, mimi na wewe tumecheza pamoja. Niambie ulizika nini."

"Wapi?"

"Unajua wapi. Nilikuona kwa macho yangu."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. "Nilizika kilichostahili kuzikwa," somo akasema.

"Cha nani?"

"Bi Mwanasha, mengine mwachie Mungu."

Nililala pale nikingoja. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Somo ndiye mwanamke ambaye kauli yake juu ya mwili wa msichana yeyote wa mji ule haikupingwa. Akisema huyu ni bikira, wazee walipokea kilemba na ndoa ikafungwa. Angesema tu, Mishi amekatwa ngozi ya tumbo, nami niliizika kwa mkono wangu, na mambo yangeisha pale kwenye kahawa. Nilipoona hasemi nikadhani anakumbuka ahadi yetu ya siri, ananilinda, basi nikaamua kumfungua ahadi hiyo mwenyewe. Nikashuka kitandani, nikapita pazia nimeinama hivyo hivyo, nikasema, "Shikamoo, shangazi. Ilikuwa ngozi yangu. Daktari aliikata. Mwulize somo."

Bi Mwanasha alinitazama tumboni, kisha usoni. Hakuwa mwanamke mbaya. "Ngozi, mwanangu? Ngozi huvishwa nguo nyeupe ikaletwa makaburini?" Akageuka. "Kweli haya, Tumu?"

Somo hakunitazama. Alishika birika, akamwongezea mgeni kahawa ambayo hakuiomba. "Mtoto ana homa tangu jana," alisema. "Hajui asemalo."

Nilisimama pale nimeinama, na nakumbuka kwamba jambo la kwanza nililofanya ni kujigusa shingo nione kama kweli nina homa. Hivyo ndivyo nilivyomwamini. Shingo ilikuwa baridi. Bi Mwanasha akamaliza kahawa yake, akanipa pole ya ugonjwa, akajifunika buibui akaenda zake. Nikarudi ndani kwa kushika ukuta.

Nilimfuata somo jikoni alipokuwa akikuna nazi. Hakuacha kukuna. Nikamwuliza kwa nini, nikamwuliza tena, mara ya tatu nikapiga kelele nikasikia mshono unavuta. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwezi ule alikuwa na wari saba wa kuwafunda. Kwamba maalimu alikuwa ametoa darsa juu ya wanaogeuza umbile la Mungu, na wanawake walikuwa wakilizungumza bado. "Mama zao wananiletea mabinti kwa sababu wanajua siwapeleki popote. Wakisikia nilikupeleka wewe kwa Mzungu akukate, nikakaa hapo hapo nikingoja, nani atanipa binti yake?"

"Na mimi, somo?"

"Mimba watu wanaijua, Mishi. Watasema mwezi mmoja, watachoka. Si wewe wa kwanza. Lakini kisu hawakijui, na wasichokijua hawakisamehi."

"Lakini sikupata mimba."

"Najua," akasema, akaendelea na nazi yake.

Nimekutana na watu walionikosea kwa kutojua, na hao nimewasamehe bila shida. Hamisi mmojawapo. Alikuja mwenyewe juma lililofuata, akasimama mlangoni kwa adabu, nami nikampa cheti cha hospitali. Kilikuwa kwa Kiingereza, naye alikuwa na darasa la kutosha kusoma neno moja moja. "Kimeandikwa umepasuliwa tumbo," akasema. Nikamwambia si tumbo, ni ngozi ya tumbo. Daktari angemweleza, lakini daktari alikuwa amekwisha panda meli na mkewe. Hamisi alikikunja cheti taratibu, akanirudishia, akaniuliza swali moja tu: "Somo yako anasemaje?" Naye somo alikuwa uani, mita chache kutoka pale, anaanika nguo, anatusikia. Hamisi alimngoja kidogo. Mimi nilimngoja zaidi. Aliitandaza kanga ya kwanza kambani, akaitandaza ya pili, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma. Posa ilirudishwa kabla siku zangu arubaini hazijaisha, na nilipoweza kunyooka vizuri nilinyookea njia ya Diani, sikurudi Msambweni kuishi tena.

Nimekuwa na maisha, sitaki kuhurumiwa. Niliolewa Ukunda na mgane wa heshima ambaye usiku wa kwanza aliona mshono wangu, akauliza kama unauma, nikasema hauumi, akazima taa. Nilizaa watoto wawili kwa njia ya kawaida. Tumbo lile lilikaa zuri mpaka uzeeni, na sijajuta hata siku moja kukatwa. Kinachonikera ni kwamba somo alibashiri vibaya. Watu hawakuchoka baada ya mwezi. Nilipokuwa na watoto wakubwa bado kulikuwa na mama aliyeninong'onea sokoni, kwa nia njema kabisa, kwamba anamwombea yule mtoto wangu wa kwanza. Nikamwitikia amina. Ningemwambia nini? Wari wa Bi Tumu waliongezeka kutoka saba hadi kumi na zaidi, akafunda mabinti na binti za mabinti, akawa mtu wa kupewa kiti cha mbele. Kila nilipomwona kwenye kiti hicho nilijua kimetengenezwa kwa kitu gani, na niliona uchungu upya, kana kwamba ni juzi.

Basi Jumatano nilikwenda. Mjukuu wangu alinipeleka kwa tuktuk mpaka barabarani na kutoka hapo tukapanda gari. Chumba kilikuwa kile kile cha ndani, sasa kina dirisha kubwa na feni. Kimejaa wajukuu, wake za wajukuu, na Riziki anamlisha mamake uji kwa kijiko. Somo alikuwa amebaki mfupa na ngozi. Aliponiona aliusukuma mkono wa Riziki. "Tokeni nyote," akasema. "Mniachie mwanangu." Wakatoka kwa adabu, wengine wananipa tabasamu la kunipongeza, na Riziki akaurudisha mlango.

"Mishi, nisamehe," alisema mara tu mlango ulipofungwa.

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

"Nataka nilisikie."

Alipumua kwa shida muda mrefu, akalamba midomo. "Nilisema una homa. Hukuwa na homa. Ilikuwa ngozi yako, mimi ndiye niliyeizika." Alilia, machozi machache, na mimi nilimfuta kwa ncha ya kanga yangu, kwa sababu mkono wake ulikuwa haufiki usoni. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa miaka yote hiyo. Yalipokuja nikakuta hayanitoshi, nikakasirika upya kwa kutotoshwa.

"Waite warudi," nikamwambia, "uwaambie hivyo hivyo."

"Wote?"

"Riziki peke yake yatosha."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Riziki ndiye somo wa mji huu sasa. Watu wanamletea mabinti kwa jina langu." Nikasubiri. Feni ilizunguka, nje mtu alikuwa akitwanga kisamvu, na mimi nilikaa kando ya kile kitanda mpaka adhana ya alasiri, nikimpa nafasi. Alijua namngoja, kwa sababu kila nilipojongea alikaza kope. Hakumwita. Nilipoinuka aligeuzia uso ukutani.

Uani Riziki alinishika mikono yote miwili. "Mmesameheana, da Mishi? Alhamdulillahi." Alikuwa na sura ile ile ya mamake wa zamani, na kwenye jamvi nyuma yake walikuwa wamekaa wari wawili, wadogo, wamefunikwa kanga, wanatazama chini. Nikamwambia mamake amechoka, amwache apumzike.

Bi Tumu alifariki Ijumaa, na wanawake wote tuliopita mikononi mwake tuliitwa. Riziki alipiga simu mwenyewe, akilia, akasema mama aliacha wasia kwamba mimi ndiye nimwoshe, ni mimi tu niliyetajwa. Nikamwambia miguu yangu haiwezi kusimama muda mrefu, awatafute wengine, nikamwombea marehemu rehema. Wakati wanamwosha, mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza hii, miguu yangu mizima chini yake, nikaanza kuandika haya ili Riziki ayasome.